Dawa ya Maji Yataka Kungojewa

(Mazungumzo kwa vikundi vya akina mama, Malindi)

 

Leo tuzungumze juu ya ile klorini tunayotia kwenye maji ya kunywa. Nyumba nyingi zinayo, na bado watoto waharisha. Basi utasikia watu wasema, "Ah, dawa hii si kitu." Na wale waliokuwapo wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998 wakumbuka vile kipindupindu kilivyotembea nchi hii. Si jambo la mzaha.

Ukitia chumvi ya Gongoni kwenye maji ukakoroga, haionekani tena, lakini ukionja ipo, juu na chini sawasawa. Wataalamu huyaita maji hayo myeyusho. Klorini nayo huyeyuka na kuenea vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba chumvi hutulia tu, klorini yatafuta kitu cha kula. Yala vijidudu, na pia yala majani yaliyooza na uchafu wa matope. Haina macho ya kuchagua.

Sasa fikirini mto wetu Sabaki. Umepita Ukambani na Tsavo kabla ya kufika huku, na mvua ikinyesha bara, hapa yashuka maji ya rangi ya udongo. Ukitia kifuniko kimoja mtungini, uchafu umekimaliza kabla vijidudu havijaguswa. Vingine vimejificha ndani ya chembe za udongo kabisa. Kwa hiyo acha maji yatulie usiku kucha, uyamimine polepole, uyachuje kwa leso safi iliyokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa. Yakiwa bado na ukungu, kipimo ni mara mbili, kama karatasi ya chupa isemavyo.

Halafu nusu saa. Hapa ndipo wengi twashindwa, mtoto alia kiu na kikombe kiko mkononi! Lakini vijidudu havifi vyote pamoja. Vyepesi hufa dakika za mwanzo, vigumu hutaka muda. Na kuna kimoja, kriptosporidiamu, ambacho klorini haikiwezi hata ungoje kutwa. Maji ya mtoto mchanga au mgonjwa ni afadhali kuyachemsha.

Joto nalo huharakisha kazi. Najua tuko kanisani, lakini tembo la mnazi mwalijua: siku ya jua kali lachacha upesi zaidi. Hivyo joto la pwani latusaidia, kwani kwenye maji baridi klorini hufanya kazi polepole. Ila joto hilo hilo huiharibu dawa ndani ya chupa. Ukiiweka dirishani au chini ya bati la moto, hugeuka kidogo kidogo ikabaki maji ya chumvichumvi yasiyoua kitu. Iwekwe kivulini, ifungwe vizuri, na mtazame tarehe kabla ya kununua. Chupa ya zamani dukani, hata ikiuzwa rahisi, iacheni.

Mtajuaje kama imetosha? Baada ya nusu saa, nusa. Harufu kidogo ya dawa ni akiba iliyobaki, msiilalamikie. Kama hainuki hata kidogo, imekwisha kuliwa. Tia kipimo kingine, ngoja robo saa, unuse tena, kisha mpe mtoto anywe.