Tuwaeleze Wabunge Habari za Nyumba Zetu

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, mzazi akiridhia. Nikiwa mchungaji kijana, baba mmoja aliniletea bintiye wa umri huo nimfungishe ndoa. Nilikataa. Akasema sheria iko upande wake, naye alisema kweli. Ndoa ikafungwa kwingine. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa ruhusa hiyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Kurekebisha sheria, hata hivyo, ni kazi ya Bunge. Basi mbunge ajapo Pasiansi, tusimkabidhi kipaza sauti tu, kama tulivyozoea. Aketi kwanza na akina mama wenye mabinti waliorudi nyumbani na watoto mgongoni.