Haki ya Mfanyakazi Mwenye Ulemavu



Naomba nianze kwa kuungama. Alinijia mwamini wa parokia yetu, karani wa ghala, ambaye mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni. Alitunza vitabu vya ghala miaka tisa bila doa. Meneja mpya akamwandikia barua ya mistari mitatu: kazi yahitaji mtu mwepesi. Nami nikamshauri avumilie na kusali. Alisali, akavumilia. Nilipozinduka na kumpeleka kwa mjuzi wa sheria, muda ulikuwa umepita.

Muda gani huo? Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yatamka kwamba ulemavu si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Tena, mwajiri ndiye apaswaye kuthibitisha kwamba alitenda haki. Lakini mlalamikaji hana budi kufika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Aliyechelewa huomba kwanza kuongezewa muda, akieleza kilichomchelewesha. Kilichomchelewesha karani wetu ni mimi.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awape watu wenye ulemavu asilimia 3 ya nafasi hizo. Kwa hiyo kazi si sadaka tunayowatupia. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki zote za binadamu, na kwamba kumnyima kazi ni ubaguzi usiostahili ubinadamu wetu.

Kitabu cha Walawi chakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Barua ile ilikuwa kikwazo. Ushauri wangu ukawa cha pili.

Basi, viongozi wa jumuiya, akija kwenu mtu aliyeachishwa kazi, msimwambie angoje. Itunzeni barua yake, andikeni tarehe aliyoipokea, mfikisheni kwa Kamati ya Haki na Amani juma hilohilo. Nasi tujichunguze: parokia nayo ni mwajiri.

Karani wetu ameomba kuongezewa muda, naye angali anangoja jibu. Tumwombee, ila safari hii twende naye.

Mungu awabariki.