Mzigo wa Farasi Hodari

Leo twataka kuwaeleza habari za Grand National, mashindano ya farasi yafanywayo kila mwaka huko Aintree, karibu na mji wa Liverpool, katika Uingereza. Farasi hukimbia maili nne na zaidi, wakiruka vizuizi 30. Katika mwaka 1839 alishinda Lottery. Naye Kapteni Becher alitupwa kijitoni, na kizuizi cha hapo chaitwa kwa jina lake hata leo.

Tangu mwaka 1843 farasi hodari hutwikwa uzito zaidi, ili wanyonge nao wawe na tumaini. Hata hivyo, mwaka 1974 Red Rum alibeba ratili 168, kuliko wenzake wote, akashinda mara ya pili. Na mwaka 1977 akashinda mara ya tatu.

Lakini hatari ni kubwa. Mwaka 1928 walianza farasi 42, wakamaliza wawili tu. Wengi wamekufa katika mashindano hayo. Kwa hiyo tangu mwaka 2024 hawazidi 34, na hapo kwanza walikuwa 40. Mizigo husawazishwa kwa ajili ya haki. Basi ni haki pia kumlinda mnyama asiyejichagulia mbio hizo. Kwaherini.