Boila ya Tani 11

Mwaka 1901 meli mbili za mvuke zenye asili ya Uskoti ziliingia majini. Discovery, ya mbao nene, iliundwa Dundee. Ikampeleka Kapteni Scott Antaktika na kunaswa na barafu miaka miwili. Habari zake zimejaa vitabuni.

Ya pili ni yetu. Chauncy Maples ilitengenezwa Glasgow kwa ajili ya wamisionari Waanglikana wa UMCA, ikaletwa huku Malawi vipande vipande. Maporomoko ya mto Shire, njiani kuelekea ziwani, hayapitiki, kwa hiyo boila yake ilifungiwa magurudumu, ikavutwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450, kilomita 100 hivi. Tani 11, ndugu zangu, kwa nguvu za mikono! Juni 1901 meli ikaelea katika Ziwa Malawi, ikawa hospitali, shule na kanisa.

Meli ilipewa jina la askofu. Majina ya wavutaji hatuyasikii. Hiyo ni dhuluma, na sisi tuliofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mizigo kichwani tunaielewa. Wazee wa Kingoni wapo Mzimba na Ntcheu. Waulizwe habari za wavutaji hao, warekodiwe, sasa hivi.