Chaki, Mkaa na Vizibo vya Soda: Niliyoyasema Kwenye Kikao cha Vijana wa Kata

Salamu ndefu naziacha, naona wingu hilo.

Nimepewa dakika tano nizungumzie sanaa za kijiweni. Najua kuna waliokunja uso tayari: tuna mambo mazito, huyu anatuletea michoro! Nivumilieni.

Angalieni tunavyokaa. Kijiwe kile kile, simu mkononi, bando likiisha tunabaki kuangaliana. Na pale pale pana sakafu ya saruji, pana vizibo vya soda tunavyochezea drafti, pana mkaa wa muuza mahindi na boksi tupu la dukani. Chukua kipande cha mkaa uliopoa, mchore yule mzee anayewaza kete yake inayofuata. Mkaa huna? Chovya kidole kwenye maji, fuata kivuli cha mtu kwenye saruji iliyopigwa jua. Dakika mbili kimekauka. Hakuna aliyekucheka, na jicho lako limejifunza kitu.

Na msiniambie hatuna vifaa. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi kwenye mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam kuhangaika kama sisi. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi, tena kwa rangi ile ya kupaka baiskeli. Chuo cha sanaa hakukanyaga. Picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, na ndugu zake wakajifunza kwa kukaa pembeni yake wakitazama mkono unavyokwenda. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania mhalifu. Akafa, miaka minne tu tangu aanze. Leo watalii wanabeba tembo na chui wa Tingatinga kila siku, halafu ukimuuliza kijana wetu anakwambia tingatinga ni katapila!

Sasa jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mtu akishika chaki tu, tunamvamia: weka nembo, weka kaulimbiu, weka sura ya mgombea. Hapo mimi napinga. Mabango tunayo na yana kazi yake. Lakini binti amechora kuku wa jirani, kuku mzuri kabisa, na sisi tunamuuliza kuku huyu anakisaidia nini chama? Kesho hachori tena. Jamani, sisi ndio tunaolalamika kila siku kwamba watu wanapangiwa cha kusema. Tukimpangia mwenzetu cha kuchora siku yake ya mapumziko, tutajiitaje? Muacheni na kuku wake.

Ila ukuta una mwenyewe. Omba kwanza, hata kama ni mjomba wako. Chaki inaoshwa, rangi haioshwi, na kesi ya ukuta wa mtu hatutakuja kukutolea dhamana.

Jumamosi saa kumi jioni, baada ya usafi wa mtaa, tukutane kwa mama ntilie pale kituoni. Chaki boksi mbili zipo. Mwenye vizibo avilete, saruji ya kupachikia fundi ametuahidi ndoo moja. Mama ametupa ukuta wote wa upande wa barabara, sharti lake ni moja tu: samaki awepo, na awe mkubwa kuliko wale anaotuuzia.