Kamera ya Kupigia Picha Usiku: Tusome Kabla ya Kununua

(Mazungumzo na kikundi cha wahitimu wa kisomo kinachotaka kuanza kazi ya kupiga picha)



Mmetuita tuzungumze juu ya kamera. Mmesema mmechanga fedha, na sasa mnataka kupiga picha za harusi na sherehe hapa kijijini. Hilo ni jambo jema. Lakini sherehe zetu nyingi hufanyika lini? Usiku. Bibi harusi huingia jua limekwisha kuzama, na taa ni moja au mbili tu. Hapo ndipo kamera nyingi hushindwa. Picha hutoka nyeusi, au imetikisika, au imejaa chenga. Na harusi hairudiwi kesho kwa ajili ya picha. Mwenye sherehe atadai fedha zake, na michango yenu itakuwa imepotea. Basi, tuelewane kwanza, ndipo twende dukani.

PICHA NI MWANGA

Kamera ni kama chumba chenye dirisha. Dirisha ni lenzi. Ndani kuna kibamba kinachopokea mwanga. Mwanga ukiwa mdogo, tuna njia tatu za kuisaidia kamera.

Njia ya kwanza ni kufungua dirisha kubwa zaidi. Ya pili ni kuliacha wazi kwa muda mrefu zaidi. Lakini watu wanacheza ngoma, hawakai kama sanamu! Dirisha likikaa wazi kwa muda mrefu, picha yao itatikisika. Njia ya tatu ni kuongeza namba inayoitwa ISO. Ukitoka ISO 800 kwenda 1600, mwangaza wa picha unakuwa mara mbili. Lakini kadiri unavyopandisha, ndivyo chenga zinavyoongezeka.

Kwa hiyo kwa picha za usiku, jambo kubwa ni dirisha. Nunueni lenzi yenye tundu kubwa.

SOMENI MDOMO WA LENZI

Hapa ndipo kisomo chetu kinapotufaa. Tazameni mdomo wa lenzi, mtaona namba. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera zimeandikwa 1:3.5-5.6. Nyingine imeandikwa 1:1.8. Ipi ina tundu kubwa?

Msidanganyike na ukubwa wa namba. Kumbukeni hesabu za mafungu. Nusu ya mkate ni kubwa kuliko robo, ingawa 2 ni ndogo kuliko 4. Ndivyo ilivyo kwa lenzi. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Na tofauti si ndogo. Lenzi ya 1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi kuliko lenzi iliyo kwenye 5.6. Maana yake ni hii: pale ambapo lenzi ya 5.6 inataka sehemu moja ya 12 ya sekunde, ile ya 1.8 inatosheka na sehemu moja ya 120. Katika ile ya kwanza, mchezaji ngoma ni ukungu mtupu. Katika ya pili, uso wake unaonekana.

Lenzi ya 1.8 isiyovuta mbali wala karibu ni rahisi kwa bei ukilinganisha na lenzi nyingine zenye tundu kubwa. Wenye kamera za Canon EOS hutumia ile ya milimita 50. Kwenye kamera za bei nafuu hiyo huleta watu karibu sana, hivyo katika chumba kidogo itabidi urudi nyuma mpaka ukutani. Wenye Nikon wanayo ya milimita 35, iliyotoka mwaka 2009. Hiyo inafaa ndani ya nyumba.

KAMERA GANI?

Kamera mpya ni ghali. Iliyotumika inatosha. Canon 600D ya mwaka 2011 au 700D ya mwaka 2013, Nikon D3200 ya mwaka 2012, hizo bado zinafanya kazi nzuri. Kibamba chake ni kikubwa mara nyingi kuliko cha simu, ndiyo maana hupokea mwanga zaidi. Muuzaji akiwasifia wingi wa megapikseli, mwacheni aseme. Megapikseli nyingi haziondoi giza.

Tahadhari moja kwa wanaochagua Nikon. Kamera kama D3100, D3200 na D5300 hazina mota ya kuzungusha lenzi. Lenzi iwe imeandikwa AF-S. Ikiwa imeandikwa AF tu, mtalenga kwa mkono, na usiku hiyo ni kazi ngumu.

Mtauliza, je, simu? Simu nzuri za siku hizi hupiga picha kadhaa gizani na kuziunganisha kuwa moja. Kwa mtu aliyetulia, inafaa. Kwa ngoma, hapana. Na flashi je? Ile ndogo ya juu ya kamera hufika mita chache tu, na nyuma ya watu hubaki giza. Wengine huielekeza flashi kubwa kwenye dari nyeupe ili mwanga urudi taratibu. Lakini nyumba ya makuti au ya bati tupu haina dari hiyo.

SIKU YA KUNUNUA

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msiharakishe. Nendeni watu wawili au watatu, mkafanye haya:

1. Mulikeni lenzi kwa tochi. Mkiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iacheni.

2. Pigeni picha lenzi ikiwa imefunikwa. Picha iwe nyeusi. Nukta nyingi za rangi ni dalili ya ugonjwa.

3. Ingieni mahali penye giza kidogo. Wekeni ISO 1600, mpigeni mwenzenu anayetembea. Ikuzeni picha, mtazame macho yake.

4. Tazameni betri. Iliyovimba haifai. Chaja iwepo.

5. Dai stakabadhi yenye namba ya kamera. Kamera isiyo na stakabadhi inaweza kuwa ya wizi, na kesi itakuwa yenu.

Fedha zikipungua, chukueni kamera ya zamani zaidi, lakini lenzi ya 1.8 msiiache. Kamera mpya yenye lenzi ya 5.6 itawaaibisha usiku. Kamera kuukuu yenye lenzi ya 1.8 itawalisha.

Ndugu, hizi ni fedha za watu wengi. Kabla ya kwenda mjini, kaeni mkutano, mwandike kwenye daftari: tunataka nini, tutalipa mwisho shilingi ngapi, nani ataitunza kamera. Kila mwanachama asome, aweke sahihi yake.