Iulize Google Kuhusu Tovuti Yako

Leo nasema na wewe mwenye tovuti, iwe ya shule, ya hoteli au ya duka. Kila asubuhi unaifungua, unaona picha zipo, bei zipo, unaridhika. Lakini mdukuzi mjanja hagusi ukurasa wa mbele. Hupachika kurasa zake nyuma ya zako, kisha hutega: ukiandika anwani mwenyewe, unaona tovuti ile ile, mteja akitokea Google, anatupwa kwenye duka la vidonge vya nguvu za kiume, au anashushiwa programu hasidi. Mwenye mali ndiye wa mwisho kujua.

Basi shika simu. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika herufi s, i, t, e, halafu nukta pacha, halafu anwani ya tovuti yako, vyote bila nafasi. Zitakuja kurasa zako ambazo Google inazijua. Usiishie za juu, shuka nazo. Ukikuta maandishi ya Kijapani, kamari, au viatu ambavyo hujawahi kuuza, umeingiliwa. Usibonyeze kitu, mwite fundi, umuulize na programu za tovuti zilisasishwa lini. Wengi hapo huanza kukohoa.

Google yenyewe pia husaka. Mwaka 2007 watafiti wake walitangaza kwamba katika anwani milioni 4.5 walizozichunguza kwa kina, 450,000 zilikuwa zikipenyeza programu kwenye kompyuta ya mgeni bila ridhaa yake. Tovuti za namna hiyo huingizwa kwenye orodha, na vivinjari kama Chrome na Firefox huitumia kukuonya.

Orodha hiyo si msahafu. Tarehe 31 Januari 2009 mfanyakazi aliingiza humo alama ya mkwaju peke yake, na kwa kuwa mkwaju umo katika kila anwani, kwa takriban dakika 40 Google ikauonya ulimwengu kwamba intaneti yote ni hatari!

Hata hivyo jiandikishe Search Console, huduma ya bure ya Google. Wakigundua uchafu watakuandikia barua pepe. Ukishausafisha wote, omba humo humo ukaguzi mpya, maana hadi upite, wateja wako wataendelea kukutana na lile onyo jekundu.